Posho ya Kelele

Sikio lake la kulia ndilo lililokuwa la kazi. La kushoto alilizibia kidole, kisha juu ya yote, kichwa na mkono wa simu pamoja, akajitandia kanga kama mtu anayejifukiza. Mgeni akiingia chumba kile mara ya mwanzo hucheka. Nyuma ya ukuta yananguruma majenereta matano, sakafu inatetemeka, chai inacheza ndani ya kikombe, na bibi mtu mzima kajifunika kanga anasema polepole, "Nakusikia, baba. Nambie tena jina la kijiji. Usipige kelele."

Sisi tuliotoka Afrika tulimwita Bibi wa Simu, na hata Waarabu wa mji wa Ibra, Oman, wasiojua Kiswahili walilishika jina hilohilo. Nilifanya naye kazi miaka mingi katika kituo cha umeme wa dizeli, nje kidogo ya mji, katika miaka ya tisini. Mimi nilikuwa karani msichana wa kupiga taipu, yeye keshakuwa mkongwe wa pale. Sitasema kazaliwa wapi wala baba yake nani. Wenye kupenda habari za koo wapo tele Oman na hawahitaji msaada wangu. Mimi nataka kusema alivyokuwa akisikia, na alivyolipwa kwa kusikia kwake, na nilivyomfanyia mimi.

Kazi yake ilikuwa kupokea simu za vijiji. Umeme ukikatika, waya ukianguka, transfoma ikitoa moshi, mtu alipiga kituoni, na mara nyingi mtu huyo alipiga akiwa na hasira au na hofu, kutoka kwenye simu ya dukani yenye mikwaruzo mitupu. Yeye upande wake ana mashine. Yule upande wake ana upepo, ana mbuzi, ana watu kumi wanaomfundisha la kusema. Mimi nilijaribu siku moja alipokwenda kusali adhuhuri. Nilisikia mtu anapayuka, sikuambulia neno, nikabaki nasema "Alo, alo" mpaka akanikatia. Aliporudi akanicheka.

"Umeyaandama maneno," akaniambia. "Maneno yanaliwa na mashine, mwanangu, hayakufikii. Muandame mtu. Huyu anataka nini? Ukishajua anachotaka, maneno yatakuja yenyewe."

Nilidhani ni majigambo ya wazee. Baadaye nikaona anavyojitayarisha. Siku mashine mbili zikizimwa kwa kusafishwa, kelele ikipungua kidogo, yeye alishika simu akawapigia watu wa vijijini bila ya sababu. Anamwuliza huyu mkewe kajifungua nini, anamwuliza yule kisima chao. Mudiri wetu, yaani mkuu wa kituo, aliona ni umbea wa wanawake. Kumbe yule bibi alikuwa anajifunza sauti. Alijua nani ana kigugumizi, nani hazungumzi mpaka atie tende mdomoni, nani akitishika anaanza na kiapo. Siku ya shida, mtu akifungua mdomo tu, nusu ya habari anayo.

Asubuhi moja ya mvua ilipigwa simu kutoka vijiji vya juu milimani, wilaya ya Dima wa Tayyin. Mwanamme aliyekaa naye meza moja alisikiliza kidogo kwenye simu ya pili, akatikisa kichwa. "Hamna mtu. Kata."

"Ngoja," akasema Bibi wa Simu, na akajifunika kanga yake.

Alikaa hivyo kitambo. Mara akaifunua kanga na kumwambia mwenzake wazime laini ya juu sasa hivi, waya umeanguka penye mfereji wa maji wanapofulia wanawake, na watoto wako pale. Ikazimwa. Mchana mafundi walipofika wakaukuta waya kweli ndani ya maji, na watu wote wazima. Kijiji kilituletea asali. Makao makuu walileta barua ya shukrani, ikatiwa fremu, ikatundikwa. Jina lililoandikwa ndani ya barua lilikuwa la yule mwanamme.

Na huyu mwanamme nimweleze, kwa sababu bila yeye hakuna kisa. Sisi tulimwita Bwana wa Daftari. Alikuwa mtu wa hapohapo Ibra, mpole, hana makuu, akija na tende mpya lazima amletee bibi sahani. Kazi yake ilikuwa kuandika kila simu kwenye daftari kubwa la kituo: saa, kijiji, tatizo, na mwisho wa mstari jina la aliyepokea na sahihi. Bibi wa Simu anasikia, anamwambia, yeye anaandika kwa Kiarabu safi cha ofisini. Anafika penye jina la mpokeaji, anaandika lake. Kalamu anayo yeye. Hakufanya kwa ubaya, nataka niseme haki. Mwanzo alifanya kwa kuwa ndivyo alivyoelekezwa, na baadaye alifanya kwa kuwa hakuna aliyemkataza.

Bibi wa Simu mwenyewe hakumkataza, na hapa ndipo linaponiuma. Alikuwa anaisoma Qur'ani vizuri kuliko wengi wetu, lakini barua ya ofisi kwa Kiarabu hawezi kuiandika. Kwao alisomeshwa msahafu kwa Kiarabu, na mambo mengine yote kwa herufi za kizungu. Tuliorudi kutoka Afrika wengi tulikuwa hivyo, mdomo tunao, kalamu hatuna. Mimi nilibahatika kuja mdogo, nikapitia skuli za hapa. Nilimwambia zaidi ya mara moja, "Bibi, nikufundishe japo jina lako, uwe unatia mwenyewe kwenye daftari." Akanitazama kama niliyemtukana.

"Mimi niandike? Na yule pale nimemweka wa nini? Yule karani wangu."

Alikuwa akisema hivyo mbele za watu, na Bwana wa Daftari akicheka naye. Aliamini kabisa kwamba mkubwa ndiye anayesema na mdogo ndiye anayeandika, kama zamani kwao bwana alivyokaa kitini akamsomea karani barua. Miaka yote ile alijiona yeye ndiye mwenye karani.

Sasa karatasi ya mishahara ilikuwa inapita kwenye taipu yangu. Najua nilichokiona. "Karani wake" alikuwa anapokea karibu mara mbili yake. Na juu ya mshahara alikuwa na mstari mmoja zaidi, posho ya kelele. Posho hiyo walipewa mafundi wanaofanya kazi penye mashine, na Bwana wa Daftari aliandikwa fundi wa zamu. Bibi wa Simu aliandikwa karani wa simu. Wanakaa meza moja, ukuta mmoja, mngurumo mmoja. Yeye yuko karibu zaidi na ukuta, kwa sababu waya wa simu ulikuwa mfupi. Mafundi walipewa vikombe vya kuzibia masikio, na Bwana wa Daftari naye akapewa vyake, akavivaa shingoni. Bibi alipoomba aliambiwa kwamba yeye ana kanga.

Siku alipojua habari ya posho, na nani aliyemwambia nisijitie kuficha, ni mimi, alikwenda moja kwa moja kwa mudiri. Mimi nilikuwa mlangoni na mafaili.

"Posho ya kelele ni ya mafundi," mudiri akamwambia.

"Na yule fundi wa nini?"

"Fundi wa zamu."

"Anashika spana gani?"

Mudiri akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka sana. Akamwambia, "Mama, yule ana nyumba ya kulisha."

"Na mimi nalisha paka?"

Alikuwa mjane, ana mama mgonjwa kitandani, ana mtoto wa kiume na wa kike, na yote hayo mudiri anayajua, keshakula pilau nyumbani kwake. Lakini kwa mudiri na wenzake mwanamke mshahara wake ni wa hina na dhahabu, ijapokuwa hana hata kipini.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na ukali usio na maana. Wasichana wapya kazini aliwasimanga mavazi na mwendo, na akiona mwanamke anaendesha gari atatoa neno. Na kuna jambo moja sijalisahau. Binti yake alikuwa mwalimu Nizwa, mshahara wake wa kwanza mpaka wa mwaka mzima ulikwenda kwenye mahari ya kaka yake. Binti alipolalamika, nami nikiwepo kwao nakunywa chai, Bibi wa Simu akamwambia, "Kaka yako anaoa. Wewe unataka pesa za nini, si utaolewa?"

Nikamwambia, "Bibi, hayo si ndiyo anayokwambia mudiri?"

Alinijazia kikombe. Halafu akasema hayo ni mambo ya nyumbani, na mambo ya nyumbani si ya kazini. Binti akatutazama sote wawili akaingia jikoni. Mwaka ule hakuzungumza na mama yake vizuri, na miye nasema alikuwa na haki yake.

Basi, baada ya kuzungushwa miaka, maana haikuwa miezi, malalamiko yake yakafika Maskati, na ikaja kamati ya watu watatu kusikiliza. Alichokitaka hakikuwa kikubwa: aandikwe cheo sawa na mwenzake, na apewe posho ya kelele. Kama wangekubali, angestaafu kwa mshahara ule na mama yake angepata mtu wa kumwangalia mchana. Kama wangekataa, ndiyo basi tena, hakuna mlango mwingine. Alilijua hilo na mimi nililijua.

Asubuhi ya siku hiyo mudiri aliniita. Mimi nilikuwa bado kwenye kontrakti ya mwaka mwaka, na baba yangu alikuwa hana kazi, nyumba nzima inanitazama mimi. Akanionyesha karatasi ya kuthibitishwa kazini, ina jina langu, bado sahihi yake.

"Leo nitaitia," akasema. "Wewe msichana mwenye akili. Wakikuuliza kitu, jibu kwa kifupi."

Hakunitisha. Hakuniambia niseme uwongo. Ningependa kusema alinitisha.

Kamati ilikaa ofisini kwa mudiri, jengo la mbele karibu na geti, mbali na mashine, kuna zulia nene na madirisha mazito. Ukiingia mle unasikia saa ya ukutani inavyotembea. Bibi wa Simu alikuja na abaya jipya na mzigo aliofunga ndani ya kanga. Akajieleza kwa Kiarabu chake cha lafudhi ya kwetu, bila kubabaika. Mkubwa wa kamati alikuwa mzee wa heshima, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akalifungua daftari la kituo, akapekua kurasa, mwaka baada ya mwaka.

"Mama," akamwuliza, "wewe humu uko wapi?"

"Mimi ndiye ninayesikia. Yeye ananiandikia tu, ni karani wangu."

Wakacheka, si kwa dharau kubwa, kama watu wanavyomcheka mtoto. Wakamwita Bwana wa Daftari. Akatazama viatu vyake akasema, "Tulikuwa tukifanya kazi pamoja." Hakuongeza.

Hapo Bibi wa Simu akalifungua fundo la kanga. Ndani mlikuwa na madaftari ya skuli, zaidi ya kumi, yamekunjika pembe. Mimi nilikuwa nimeyaona chini ya meza yake siku zote, nikidhani ni hesabu za kibati, ule mchezo wa kuchangiana pesa wa wanawake wa mtaani. Kumbe kila simu aliyoipokea aliiandika mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa ile hati ya kulala waliyofundishwa skuli za zamani. Akamsogezea mzee.

"Haya yangu."

Mzee akageuza kurasa, haoni hata herufi moja anayoijua. Akauliza nani anasoma lugha hii. Mudiri akanielekeza mimi kwa kidevu.

Nikalichukua daftari la juu nikalifungua katikati. Nililiona lote kwa mara moja. Tarehe, saa, kijiji, jina la mwenye kupiga, tatizo, mafundi waliopelekwa na saa waliyorudi, mstari chini ya mstari, hata siku ile ya waya mferejini imo. Na chini kabisa pembeni, kwa maandishi madogo, vitu vya kununua dukani akirudi nyumbani.

"Soma," mzee akasema.

Nikasoma. "Unga kilo tano, iliki, sabuni."

Nilisoma kwa Kiarabu, kwa sauti safi, kama nilivyofundishwa darasani. Wakacheka tena, na mudiri akacheka zaidi yao. Mzee akaniuliza, "Na kwengine?"

"Mambo yake ya nyumbani, sheikh."

Nikalifunga daftari nikalirudisha mezani. Nilikuwa nangojea Bibi wa Simu anikanushe, na angeweza, mdomo anao. Sijui kwa nini hakunikanusha. Aliyakusanya madaftari yake moja moja, akayaweka ndani ya kanga, akafunga fundo, akaaga kwa adabu. Alipofika chumbani kwake simu ilikuwa inalia, akaipokea.

Jioni karatasi yangu ilitiwa sahihi. Mwezi uliofuata nikaona mshahara wangu mpya. Ulikuwa chini ya wa kijana wa kiume aliyeajiriwa baada yangu, ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kutia karatasi kwenye taipu. Nilimwuza mtu, na hata bei niliyopewa ilikuwa ya mwanamke.

Yeye hakubadilika nami, na hilo lilinichoma kuliko matusi. Nikimwambia shikamoo anaitika marahaba. Vitumbua vyake vya Jumatatu akaendelea kuniwekea juu ya taipu, vimefunikwa karatasi. Nilikuwa navila. Kila mara nilijiambia leo nitamwambia, na kila mara mashine zilikuwa zinanguruma, nikapata kisingizio.

Miaka michache mbele sikio likaanza kumtupa. Alianza kusema "Sema tena" mara mbili, mara tatu. Penye kimya hakuwa na shida yoyote, ukimnong'oneza nje uani anakujibu. Lakini mle chumbani maneno yalimchanganyikia. Siku moja akawapeleka mafundi kijiji sicho, wakazunguka kutwa kwenye jua, na mara hii daftari la kituo likaandika jina lake, kwa sababu kosa lazima liwe na mwenyewe.

Wakampeleka kupimwa. Wakamtia ndani ya kichumba kilichozibwa kote, wakampigia milio midogo midogo, akaisikia karibu yote. Karatasi ikarudi kwamba sikio ni zima kwa umri wake, kwa hivyo mashine hazikumdhuru, kwa hivyo hadai kitu. Aliisikiliza ikisomwa kisha akasema, "Kwenye sanduku lenu nasikia hata nzi. Basi nipeni kazi sandukuni." Wakamstaafisha kwa mshahara uleule wa karani wa simu. Bwana wa Daftari alipandishwa, akawa msimamizi. Simu wakaletewa vijana wawili, kwa kuwa kazi, walisema, ni nzito kwa mtu mmoja.

Mara ya mwisho nilimwona Nizwa, kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu, miaka ya elfu mbili imeshaingia. Ukumbi wa wanawake, spika refu kama mlango, ngoma, vigelegele, watoto wanakimbizana chini ya meza. Yeye alikaa karibu kabisa na spika, hajali, na binti yake yule mwalimu pembeni, hakuolewa mpaka leo. Alikuwa kapungua mwili, lakini kanga begani ni ileile ya kazini, au mimi niliiona hivyo.

Nikambusu mkono. "Shikamoo, bibi."

Binti akamgusa, akamwonyesha mimi. "Marahaba," akasema bibi, na akanisogezea kiti.

Mimi nilikuwa nimeshakuwa mkubwa wa makarani kituo kingine, nina wasichana chini yangu, na kila mwisho wa mwezi karatasi ya mishahara bado inapita mikononi mwangu. Nikajiambia leo ni leo. Nikainama kwenye sikio lake la kulia, lile la kazi, nikamwambia yote. Nilimwambia niliyaona maandishi yake siku ile, kwamba nilijua kilichoandikwa, kwamba niliogopa, anisamehe kabla Mungu hajatutenganisha. Nililia, sioni haya kusema.

Akanitazama usoni mpaka nikamaliza. Akatikisa kichwa.

"Sikusikii, mwanangu. Penye kelele sisikii tena."

Nikajaribu kwa sauti zaidi. Wanawake wa meza ya pili wakageuka, dada yangu akageuka, na mimi nikajikuta siwezi. Maneno yale hayapigiwi kelele. Nikasema basi, bibi, nitakuja nyumbani, tutakaa pahala pa kimya. Sijui kama hilo alilisikia.

Akanishika mkono akauweka juu ya paja lake, kama anavyoshikwa mgonjwa.

"Najua unachotaka," akasema polepole, kwa sauti yake ya kwenye simu. "Ila chumba kile kilikuwa na kimya. Unga kilo tano, iliki, sabuni. Nilikusikia vizuri sana."

Kisha akauachia mkono wangu, akamwambia binti yake ampe maji.